Dawa ya Kifafa na Kabila la Mtoto: Tunachokijua, na Kinachowapasa Wazazi wa Kwakoa

Mwezi wa Februari hukusanya mambo matatu ambayo waamini wengi hawayaunganishi. Tarehe 11 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992. Jumatatu ya pili ya mwezi huohuo huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Kifafa. Tarehe 14 hutajwa Mtakatifu Valentino, ambaye siku hizi anajulikana kwa maua na kadi tu, ingawa kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya walimkimbilia kama mwombezi wa watu wenye kifafa. Tumeona inafaa, basi, kulichambua kwa kirefu swali moja linaloulizwa na wazazi wetu, mara nyingi kwa sauti ya chini: je, dawa ya kifafa hufanya kazi namna moja katika mwili wa mtoto wa Kipare, wa Kimaasai, wa Kichaga na wa Kizungu?

Swali hili si la udadisi. Huko Kwakoa, katika tambarare za Wilaya ya Mwanga chini ya milima ya Upare Kaskazini, wakulima na wafugaji huishi jirani, huoana, na watoto wao husubiri dawa kwenye benchi moja. Katika mazingira ya namna hiyo ni rahisi maneno kuzaliwa: kwamba dawa hii ni kali kwa damu yetu, kwamba dozi ilipimwa kwa Wazungu na haituhusu, kwamba mtoto wa jirani amepata nafuu kwa sababu yeye ni wa kabila lingine. Maneno hayo yana matokeo. Mzazi akiyasadiki, hukata kidonge nusu bila kumwuliza mtu, au huacha kabisa. Na kifafa kilichoachwa humwangusha mtoto pale alipo, iwe ni kando ya mafiga yenye moto au ukingoni mwa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Baba yule wa Injili ya Marko, sura ya 9, alipomleta mwanawe kwa Yesu, alitaja hatari hizohizo mbili, moto na maji. Wazazi wa Upare hawahitaji kufafanuliwa maana yake.

Tuanze na kazi ya mwili. Dawa ikimezwa huingia katika damu na kusafirishwa hadi kwenye ubongo, ambako hutuliza seli zinazowaka pasipo utaratibu. Wakati huohuo ini huanza kuivunja kwa msaada wa vimeng'enya, na figo hutoa mabaki kwa njia ya mkojo. Ini likifanya kazi upesi, kiwango cha dawa hushuka chini ya kile kinachozuia degedege. Likifanya polepole, dawa hurundikana, na mtoto husinzia darasani, huyumba akitembea, au hubadilika tabia hadi mwalimu akamdhania mvivu au mtukutu. Kazi yote ya tabibu ni kumweka mtoto kati ya mipaka hiyo miwili.

Vimeng'enya hivyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni hurithiwa. Kwa hiyo wanaosema kwamba asili ya mtu ina neno katika jambo hili hawasemi uongo. Mwaka 1998 watafiti wa Tanzania na Sweden walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya Watanzania wenye asili ya Kibantu na kimeng'enya kinachoitwa CYP2C19. Moja ya dawa walizotumia kukipima ilikuwa mefenitoini, dawa ya zamani ya kifafa, ndugu wa fenitoini inayotumika hadi leo. Waliona kwamba uwezo wa Watanzania hao wa kuivunja dawa ulikuwa mdogo kuliko ilivyotazamiwa kwa kuzitazama jeni zao. Maana yake ni hii: hata mtaalamu aliyeisoma jeni akadhani ameijua kasi ya ini, bado hakuijua yote. Kuna jambo jingine lililokuwa likifanya kazi, iwe ni chakula, mazingira, au jeni nyingine ambayo hakuna aliyeitafuta.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2013, ulichapishwa utafiti mwingine uliowalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliokuwa wakitumia efavirenzi, dawa ya virusi vya Ukimwi. Watanzania walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa katika damu, na tofauti hiyo haikutoweka hata walipolinganishwa watu wenye jeni zinazofanana. Efavirenzi si dawa ya kifafa, lakini somo lake latuhusu. Mataifa mawili ya Afrika Mashariki, ambayo mgeni angeyaita yote 'Afrika' kwa neno moja, yalitofautiana. Basi anayesema kwamba ipo dozi ya Mwafrika na dozi ya Mzungu amekwisha kosea kabla hajaanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Taiwan. Mwaka 2004 watafiti wa huko walitangaza kwamba wagonjwa wote 44 wa asili ya Kichina waliokuwa wameunguzwa vibaya ngozi na utando wa mdomo kwa sababu ya kabamazepini walikuwa na alama moja ya kurithi, HLA-B*15:02. Ugunduzi huo uliokoa watu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wagonjwa wenye asili ya Asia wapimwe alama hiyo kabla ya kuanzishiwa kabamazepini. Miongoni mwa Waafrika alama hiyo ni adimu sana. Lakini nchi yetu ina raia ambao mababu zao walitoka Bara Hindi, ambako alama hiyo ipo, na tabibu anayemwandikia mtoto wao kabamazepini hana budi kulikumbuka jambo hilo. Hapa kumwuliza mgonjwa asili yake si ubaguzi.

Tena lipo jambo linalotugusa moja kwa moja. Fenitoini huvunjwa zaidi na kimeng'enya kiitwacho CYP2C9. Mabadiliko ya jeni yanayokifanya kimeng'enya hicho kuwa kivivu miongoni mwa Wazungu ni tofauti na yale yanayoonekana zaidi miongoni mwa watu wa asili ya Afrika. Kipimo kilichotengenezwa kutafuta mabadiliko ya Ulaya peke yake kinaweza kumtangaza mtoto wa Kiafrika kuwa wa kawaida kabisa, kumbe ini lake ni la polepole kwa sababu ambayo kipimo hicho hakikuulizwa kuitafuta. Mashine haikudanganya, ilijibu swali la watu wengine. Tunapodai haki katika afya, mara nyingi tunafikiria majengo, vitanda na magari ya wagonjwa. Tungependa waamini wafahamu kwamba kukosekana kwetu katika tafiti nako ni aina ya umaskini, nao huonekana katika kijiko cha dawa anachopewa mtoto.

Hapa ndipo wengi husimama, wakahitimisha kwamba kabila ndilo jibu. Sisi tunaomba twende mbele kidogo.

Kabila ni nini mbele ya ini? Wilayani Mwanga kwenyewe wapo Wagweno, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichaga kuliko Chasu cha majirani zao Wapare. Katika milima ya Usambara wapo Wambugu, ambao sehemu kubwa ya maneno yao ya kale ni ya Kikushi ilhali sarufi yao inafanana na ya Kipare. Kuna koo za Kipare zinazosimulia kuwa zilitoka Taita, nyingine Usambaa, nyingine Uchagani. Jina la kabila latueleza lugha, mila, na mahali walipozikwa mababu. Latueleza machache sana juu ya kimeng'enya. Mwanasayansi Richard Lewontin alionyesha tangu mwaka 1972 kwamba takribani asilimia 85 ya tofauti za kurithi zilizomo kati ya wanadamu hupatikana ndani ya jamii moja, si kati ya jamii na jamii. Na utafiti mkubwa wa mwaka 2009 ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochunguza jamii 121 za Afrika, ulithibitisha kwamba bara letu lina utofauti wa kurithi kuliko bara lolote. Kwa lugha ya nyumbani: watoto wawili wa Kipare waliozaliwa mtaa mmoja wanaweza kutofautiana katika kuivunja dawa kuliko mmoja wao anavyotofautiana na mtoto wa Kimaasai wa boma la ng'ambo.

Tena kuna tofauti moja inayozidi zote hizi, nayo ni umri. Mtoto mchanga ana ini ambalo halijakomaa. Fenobabitoni hukaa mwilini mwake kwa siku nyingi. Baada ya wiki na miezi kadhaa mambo hugeuka. Ini la mtoto mdogo huivunja dawa kwa kasi inayolishinda la mtu mzima, ukilinganisha kilo kwa kilo, na kasi hiyo hupungua taratibu anapokaribia ujana. Kwa sababu hiyo mtoto si mtu mzima aliyefupishwa.

Tutoe hesabu moja, kwa ajili ya kuelewa tu wala si kwa ajili ya kuagiza dawa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani huruhusu fenobabitoni kwa mtoto hadi miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anayepewa miligramu 5 kwa kilo atapata miligramu 60. Baba yake wa kilo 60, kama naye angekuwa na ugonjwa huo, angeweza kutosheka na miligramu 120, yaani 2 tu kwa kilo. Mzazi akitazama vidonge huona mtoto amepewa nusu ya dawa ya mtu mzima ilhali uzito wake ni moja ya tano, naye hushtuka. Kumbe tabibu hakukosea, wala mtoto hajaonewa.

Sasa mtoto huyohuyo akue afikie kilo 20, na dawa ibaki miligramu 60 kwa sababu kila mwezi aliyefika zahanati ni bibi yake na daftari, si mtoto mwenyewe. Kipimo kimeshuka hadi miligramu 3 kwa kilo bila mtu yeyote kukipunguza. Degedege linarudi. Nyumbani watasema mwili umeizoea dawa, au kwamba damu yetu haipatani nayo. Kilichotokea ni kwamba mtoto, kwa neema ya Mungu, ameongezeka kilo nane. Tunathubutu kusema kwamba miongoni mwa watoto ambao dawa 'imewakataa', wengi hawajapimwa uzito siku nyingi.

Kabamazepini nayo ina hila yake. Hulizoesha ini kuivunja haraka zaidi; hivyo baada ya wiki tatu au nne kiwango chake katika damu hushuka hata kama mtoto hakuruka siku. Ndiyo maana tabibu mwangalifu huongeza dozi hatua kwa hatua. Fenitoini ina tabia ya kinyume: ini likifikia kikomo cha uwezo wake, nyongeza ndogo huleta ruko kubwa la kiwango katika damu, na mtoto aliyekuwa mzima jana huanza kuyumba kama mlevi. Fenobabitoni huhitaji wiki mbili hadi nne kabla ya kutulia mwilini. Hivyo kuihukumu baada ya siku tatu ni kuihukumu kabla haijasikilizwa. Mambo haya humpata mtoto yeyote, wa kabila lolote.

Kisha kuna mambo yanayomzunguka mtoto. Fenitoini na valproati husafiri katika damu zikiwa zimeshikana na protini. Mtoto mwenye utapiamlo ana protini kidogo, hivyo sehemu kubwa zaidi ya dawa hubaki huru, na dozi ya kawaida huwa kali kwake. Dawa za kifua kikuu huvuta pande mbili: rifampisini huliharakisha ini, isoniazidi hulizuia. Mtoto anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya Ukimwi akaongezewa kabamazepini anaweza kupungukiwa na kinga aliyoitegemea dhidi ya virusi. Baadhi ya mimea ya dawa nayo hubadili kazi ya ini, na mzazi anayemficha tabibu kwamba mtoto anapewa mizizi humfanya apime gizani. Hatusemi hili kwa kumdharau mganga wa tiba asili. Tunasema kwamba ini ni moja, na kila kinachomezwa hupita humo.

Kama kuna utafiti mmoja ambao tungependa kila muuguzi na kila katekista aufahamu, ni ule wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2000. Watoto 340 waliokuwa wamepoteza fahamu kwa malaria kali waligawanywa kwa kura: nusu walichomwa fenobabitoni mara moja, miligramu 20 kwa kila kilo, na nusu hawakuchomwa. Degedege lilipungua kweli. Waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 kwa upande wa dawa, na asilimia 27 kwa upande mwingine. Lakini vifo vilikuwa 30 upande wa dawa na 14 upande usiokuwa na dawa. Hatari ilionekana zaidi kwa watoto waliokuwa wamepewa pia dayazepamu mara nyingi, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana hulegeza pumzi.

Mtu anaweza kulisoma tukio hilo akasema: mnaona, dawa hii haifai kwa watoto wa Kiafrika. Angekosea. Dozi kama hiyo hutolewa katika nchi tajiri, kando ya kitanda chenye mashine ya kupumulia, na mtoto akilegea mashine humvushia usiku. Huko Kilifi mashine hiyo haikuwapo. Tofauti iliyoua haikuwa katika kabila la mtoto. Ilikuwa katika ugonjwa alioletwa nao, katika dawa nyingine iliyokuwa tayari mwilini mwake, na katika ukuta usiokuwa na mashine. Wala tukio hilo halihusu kidonge cha fenobabitoni kinachomezwa nyumbani kila jioni kwa dozi ndogo; hayo ni mambo mawili tofauti. Tunalisisitiza kwa sababu habari ya namna hii hufika kijijini ikiwa imekatwa kichwa na miguu.

Nchini mwetu yapo mafundisho ya zamani zaidi, na yalianzia kwenye misheni. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Mahenge karibu na mwaka 1960, akaanzisha kliniki ya kifafa katika misheni ya Kwiro. Aliwakuta wagonjwa walioogopwa hata kuguswa, kwa kuwa watu waliamini mate yao yanaambukiza, imani ambayo hata leo haijafutika katika vijiji vyetu na ambayo si kweli. Aliwapa fenobabitoni, dawa rahisi kuliko zote, na wengi wakapata nafuu. Makala yake ya mwaka 1965 ilizungumzia kifafa katika kabila la Wapogoro. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 1992, ulikuta Wilaya ya Ulanga ikiwa na wagonjwa wa kifafa wapatao 10 katika kila watu 1,000.

Kwa miaka mingi ilionekana kana kwamba kabila lile lilikuwa na laana yake. Lakini tafiti za baadaye zimeonyesha uhusiano wa karibu kati ya kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo wazaliao katika mito yenye maji ya kasi. Nzi haulizi kabila. Humwuma anayeishi karibu na mto. Wapogoro walikuwa ndio waliokaa huko. Tunauona mfano huu kuwa wa maana sana kwa swali letu, kwa sababu unaonyesha jinsi jina la kabila linavyoweza kusimama mbele ya sababu yenyewe na kuizuia isionekane.

Tufikirie sasa kwamba mtafiti angekuja tambarare za Mwanga, akapima dawa katika damu ya watoto wenye kifafa, akakuta watoto wa Kimaasai wana kiwango cha chini kuliko watoto wa Kipare. Angeweza kuandika kwamba ini la Mmaasai ni la haraka. Lakini kama kipimo kilifanyika kiangazi, huenda watoto wale walikuwa wamehama na mifugo hadi ronjo, mwendo wa siku nzima kutoka penye dawa, na vidonge vikaisha. Umbali ungekuwa umevaa shuka na kuitwa damu. Jambo hili si la kubuni tu. Huko Kilifi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walipopima hata damu za wagonjwa badala ya kutegemea maneno yao, waligundua kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba inayostahili. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, na kulazimika kulipia dawa.

Kulipia dawa, tena kwa ugonjwa ambao dawa yake ya msingi ni miongoni mwa zile za bei ndogo kabisa duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tiba ya kifafa inaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo. Bei ndogo, ajabu, ni sehemu ya tatizo: wafanyabiashara hawaikimbilii dawa isiyo na faida. Tena fenobabitoni iko chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kila udhibiti huongeza karatasi, na kila karatasi huongeza siku. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tutaipima sheria hiyo, pamoja na mengine, kwa kuangalia kama kopo la fenobabitoni kijijini hubaki na vidonge mwezi mzima.

Maana kukatika kwa dawa ni hatari kuliko kutokuianza. Mtoto aliyezoea fenobabitoni akiikosa ghafla anaweza kupatwa na degedege lisilokoma, moja likifuatwa na jingine kabla fahamu hazijarudi, na hilo huua. Kwa sababu hiyo hatuwezi kunyamaza juu ya wale wanaowaambia wazazi waache dawa baada ya maombezi ili kuonyesha imani. Kanisa letu halijawahi kufundisha hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chaagiza tabibu aheshimiwe na chamhesabu kuwa ameumbwa na Bwana, na katika sura hiyohiyo mgonjwa ahimizwa kusali. Mambo hayo mawili yamekaa katika ukurasa mmoja pasipo kugombana. Mpako wa Wagonjwa haumwondolei mtu kidonge chake cha jioni. Siku ya kupunguza dawa huja kwa baadhi ya watoto, mara nyingi baada ya miaka kadhaa bila degedege, na huja kwa hatua ndogondogo chini ya tabibu.

Ipo hali ambayo mzazi asisubiri tarehe ya kliniki: mtoto akianza dawa mpya, hasa kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni, kisha akatokwa na vipele vinavyosambaa, malengelenge, vidonda mdomoni, au macho mekundu yenye maumivu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo pamoja na dawa yenyewe, na aulize kabla ya kumpa kidonge kinachofuata. Kadhalika wasichana wanaokaribia umri wa kuzaa wasianzishiwe valproati pasipo kuulizwa na kuelezwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya madhara yake kwa mtoto aliye tumboni, na sisi tunaothamini uhai tangu kutungwa kwake tunapaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Wala msichana asikatishwe dawa hiyo ghafla na wazazi waliosoma onyo hili nusu. Aonwe na tabibu, abadilishiwe.

Kuhusu tafiti, msimamo wetu ni huu. Tunazitaka. Watoto wa Tanzania wanastahili dozi zilizopimwa katika miili yao, badala ya kukopeshwa hesabu za Uppsala na Chicago. Tunazitaka zifanywe kwa ridhaa ya wazazi walioelewa, zikiwapima watoto wa vijiji vya mbali pamoja na wale wanaofika Moshi katika Hospitali ya KCMC, na ziandike, pamoja na kabila la mtoto, uzito wake, chakula chake, dawa nyingine anazotumia, na idadi ya siku ambazo dawa haikupatikana. Kabila likiandikwa peke yake litabeba lawama za vyote hivyo. Na matokeo yarudi kwa waliotoa damu, kwa Kiswahili, si kwenye majarida pekee.

Jumuiya ndogo ndogo zina kazi ambayo hakuna mtafiti atakayeifanya. WAWATA wa kigango wanajua ni nyumba ipi ina mtoto asiyetoka nje wageni wanapokuja. Wanajua ni bibi yupi anayekwenda kuchukua dawa peke yake kwa sababu mtoto amekuwa mzito kubebwa. Nauli ya mtoto huyo hadi kwenye mizani, mara moja kila baada ya miezi mitatu, ni mchango mdogo kuliko mingi tunayochangishana. Mzazi au bibi akifika, aulize maswali manne: mtoto wangu ana kilo ngapi leo, kwa kilo hizo apewe miligramu ngapi, dawa hii itapatana na nyingine anazotumia, na ikiisha hapa kabla ya mwezi kwisha, niende wapi. Majibu yaandikwe katika daftari la mtoto, kwa mwandiko unaosomeka.